Nchi Isiyo na Ufa

Nchi hii usiitafute kwenye ramani. Mchora ramani alipofika mpakani aliambiwa asubiri kibali, na mpaka leo yuko pale kwenye benchi, anasubiri. Mimi niliyezaliwa ndani yake nitakueleza mambo kama yalivyotokea, bila kutia chumvi, maana chumvi nayo ina kibali chake.

Inaitwa Jamhuri ya Tambarare. Ni nchi yenye amani kubwa mno. Amani yenyewe ina wizara, ina magari, ina virungu. Kaulimbiu ya nchi imeandikwa kwenye kuta za ofisi zote: TAIFA MOJA, HALINA UFA. Ofisi ambayo ukuta wake umepasuka, kaulimbiu huandikwa palepale juu ya mpasuko, herufi kubwa kubwa, na mgeni akipita hudhani ni urembo.

Basi katika nchi hiyo alikuwepo mwanamke mmoja, Nyamizi Kaswende, mjiolojia, yaani mtu aliyesomea mawe. Alikuwa mwajiriwa wa Wizara ya Mambo ya Chini. Wizara hiyo husimamia kila kilichomo ardhini: madini, maji, gesi, minyoo na, kwa waraka wa mwaka juzi, marehemu. Nyamizi alikuwa na kasoro moja tu, ambayo wakubwa wake waliigundua wamekwisha kumwajiri. Akiulizwa jambo, alijibu.

Mwaka ule Wizara ilimtuma Bonde la Ruvule, kwenye mji mdogo wa Visima Vitatu, kutafuta gesi. Alikwenda na magari manne makubwa yenye bamba zito la chuma tumboni. Gari husimama, hushusha bamba lake, na kuitikisa ardhi mpaka vyombo vinagongana kabatini. Kisha watu husubiri, na vifaa vidogo vilivyochomekwa chini kama vijiti vya mihogo husikiliza.

Visima vya mji ule vilitunzwa na Bi Siwatu, mjane mwenye sauti iliyozoea kupanga foleni. Siku ya kwanza alitoka nyumbani kwake na sufuria mkononi, akamwendea Nyamizi moja kwa moja.

"Mwanangu, mnampiga nani huko chini?"

"Hatupigi, mama. Tunabisha hodi."

"Kwa nani?"

"Kwa mawe. Bonde hili lilikuwa ziwa zamani sana. Mito ilileta mchanga, ikaleta matope, ikaleta mchanga tena, yakalaliana kama mikeka na kugeuka mawe. Sasa tukibisha, sauti inashuka. Kila inapokuta mkeka mwingine, sehemu yake inarudi juu. Tukijua imechukua muda gani kurudi, tunajua mkeka uko wapi."

Bi Siwatu akafikiri. "Kama muuza tikiti anavyoligonga kwa kidole."

"Hivyo hivyo, mama."

"Na wewe umesoma miaka mingapi kujifunza kugonga tikiti?"

"Kumi na saba."

"Maskini," alisema Bi Siwatu kwa huruma ya kweli, akamkaribisha uji.

Nyamizi alikaa pale miezi mitatu. Alilala chumba cha uani kwa Bi Siwatu, akanywa maji ya visima vile, akapangiwa foleni kama watu wengine. Alipoondoka kurudi mji mkuu, Bi Siwatu alimfungia bamia kavu kwenye gazeti na kumwambia asikawie kuleta majibu, kwa sababu hodi ikishabishwa, mwenye nyumba hupenda kujua nani alikuja.

*

Majibu yalitoka kwenye karatasi ndefu, mistari juu ya mistari, kama mkeka uliokatwa ukatazamwa ubavuni. Nyamizi aliipaka rangi kwa penseli: njano kwa mchanga uliogeuka jiwe, kijani kwa matope yaliyogeuka jiwe. Gesi ilikuwepo. Ilikuwa imekaa ndani ya vitundu vya jiwe la mchanga, na juu yake kulikuwa na tabaka la matope lililokaza, lisilopitisha kitu, kama mfuniko wa sufuria. Hapo alifurahi.

Kisha penseli ya kijani ikafika mahali ikakosa pa kwenda. Mstari ulikatika. Akautafuta, akaukuta upande wa pili, lakini chini zaidi, kana kwamba mtu alichukua bonde zima akalikata kwa panga na nusu moja ikateleza. Mistari yote ilikatika hapohapo, mmoja baada ya mwingine, mpaka karibu na uso wa ardhi. Ulikuwa ufa. Haukuwa na shaka wala haya. Ulitoka kwenye gesi, ukapasua mfuniko, ukapanda wima, na kuishia chini ya visima vitatu ambavyo Nyamizi alikuwa ametoka kunywa maji yake.

Alipima mara ya pili, mara ya tatu. Jibu halikubadilika. Mahali ambapo Wizara ilikuwa imepanga kuchimba palikuwa ubavuni mwa ufa huo. Ukitoboa pale na kusukuma kwa nguvu, gesi ingepata njia fupi kuliko bomba la serikali. Akaandika taarifa ya kurasa sita: mtambo uhamishwe kilomita nane mashariki, ambako mfuniko ni mzima. Kazi ingechelewa nusu mwaka.

Nusu mwaka! Baba Mwenye Nchi alikuwa ameshatangaza kwamba gesi itawaka Siku ya Uhuru, na Siku ya Uhuru ilikuwa imebakiza wiki kumi.

Taarifa ilifika kwanza kwa Mkurugenzi, Bwana Shedafa. Huyu ndiye aliyemfundisha Nyamizi chuoni. Enzi hizo alitembea na nyundo ya mawe kiunoni na magoti yenye makovu. Sasa alikuwa na zulia, na muhuri wenye kiti chake mwenyewe juu ya meza. Alimwita Nyamizi, akafunga mlango, akafunga na dirisha.

"Hili neno umeliandika wewe?"

"Neno gani, mzee?"

Bwana Shedafa alilielekezea kalamu bila kuigusa karatasi, kama mtu anayeonyesha nyoka. "Hili. Lenye herufi tatu."

"Ufa?"

"Punguza sauti!"

"Sasa niliiteje, mzee? Ndiyo jina lake."

"Andika mkunjo."

"Mkunjo ni kitu kingine. Jiwe lililokunjwa bado ni zima. Hili limekatika. Wewe mwenyewe ulinifundisha tofauti yake."

"Nilikufundisha wakati sina gari," alisema Bwana Shedafa. Akaketi. Kwa muda aliitazama karatasi yenye rangi, na kidole chake, bila yeye kutaka, kilifuata mstari wa kijani mpaka pale ulipokatika. Kikasimama. Uso wake ukawa uso wa mtu mwenye nyundo. "Unapita chini ya visima kweli," alinong'ona.

"Kweli, mzee."

"Umechora vizuri." Akakiondoa kidole upesi na kukifuta kwa leso. "Mimi sikuona kitu. Peleka Kamati."

*

Kamati ya Taifa ya Kutafsiri Matabaka ilikuwa na wajumbe kumi na mmoja, wameteuliwa kwa uangalifu ili kila eneo la taifa liwakilishwe. Alikuwemo mkuu wa bendi ya tarumbeta, shemeji wawili wa watu wawili tofauti, bingwa mstaafu wa kuruka chini, na mama mmoja aliyekosea chumba lakini alishatia saini ya posho. Mwenyekiti alikuwa Waziri mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Ludovick Mapande. Udaktari wake ni wa heshima. Chuo kilichompa kilikuwa kimejengwa kwenye kiwanja kisicho chake, na Mheshimiwa alikitafutia hati.

Nyamizi alitundika mchoro wake ukutani. Mheshimiwa akavaa miwani.

"Hebu tuanze na jambo la maadili. Hili tabaka la chini kabisa lina umri gani?"

"Miaka milioni mia moja na themanini, Mheshimiwa."

"Na hili la juu?"

"Hilo ni changa. Kama milioni mbili."

Waziri akavua miwani, akawageukia wajumbe kwa masikitiko. "Mmesikia wenyewe. Wazee wako chini, vijana wamewakalia. Hii ndiyo heshima tunayowafundisha watoto wetu?"

"Ndivyo yalivyolala, Mheshimiwa. Kinachotangulia kuanguka ndicho kinachokuwa chini."

"Katika Tambarare, binti, anayetangulia hukaa juu. Geuza mchoro."

Mchoro ukageuzwa. Wajumbe wakapiga makofi, na katibu akaandika kwamba wazee wamerejeshewa nafasi yao. Nyamizi akatazama bonde lake likining'inia kichwa chini miguu juu, na gesi yote imekaa hewani.

"Sasa tuje kwenye huu mstari," alisema Waziri. "Huu unaokata kata."

"Ni ufa, Mheshimiwa."

Mkuu wa tarumbeta akakohoa. Bingwa wa kuruka chini akaanza kutafuta begi lake.

"Binti," Waziri alisema taratibu, "unajua kaulimbiu ya taifa?"

"Naijua."

"Kwa hiyo unasema Baba Mwenye Nchi ni mwongo?"

"Nasema watu elfu nne wanakunywa maji juu ya ufa huu. Mkichimba pale, gesi itapanda kwenye visima. Maji yataharibika, na cheche moja ikitokea mji utaungua. Siombi msichimbe. Naomba msogee kilomita nane."

"Kusogea ni kurudi nyuma."

"Ni kwenda mashariki, Mheshimiwa."

Ikapigwa kura. Wajumbe kumi na mmoja walikubaliana kwamba ufa haupo. Lakini shemeji mmojawapo, mtu mwangalifu, akauliza itakuwaje kama ufa upo. Wakajadiliana saa nzima, wakafikia mwafaka: kama upo, basi uhamishiwe Jimbo la Kaskazini, ambako wananchi walipiga kura vibaya mwaka uliopita. Mchoraji wa Wizara akaitwa. Akaufuta ufa kwa kifutio chini ya visima, akauchora upya mbali kaskazini, na kwa moyo wa kujituma akauongeza upana.

"Mheshimiwa," alisema Nyamizi, "ufa hausikii kura."

"Kila kitu katika nchi hii husikia kura," alijibu Waziri. "Kisichosikia tunakihesabia upya."

Akapewa kalamu asaini. Nyamizi aliishika kalamu, akaiweka mezani, akasema hasaini. Hilo lilikuwa jambo geni kiasi kwamba katibu alilazimika kuuliza linaandikwaje. Akaitwa Bwana Shedafa, akasaini kwa niaba ya sayansi. Alisaini huku anatazama dirishani, na saini yake ikapanda juu ya muhuri wake, kama mikeka.

*

Nyamizi hakufukuzwa. Tambarare haifukuzi wataalamu. Huwapangia kazi nyingine. Alihamishiwa Idara ya Shamrashamra, ofisi inayohesabu bendera, kupanga nyimbo na kukusanya watu wa kufurahi. Alipewa meza, katoni ya vibendera vya karatasi, na orodha ya mikoa inayotakiwa kushangilia.

Jumamosi ya kwanza alipanda basi mpaka Visima Vitatu. Alimkuta Bi Siwatu anagombeza wanaume wawili waliotaka kuruka foleni. Walipokaa ndani, Nyamizi akamweleza yote, kwa mikeka na sufuria, bila kuficha. Mwishoni akaanza kulia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Bi Siwatu akamwachia alie. Kisha akauliza, "Ukiwa umekaa hapa miezi mitatu, uliwahi kunidanganya?"

"Hapana, mama."

"Basi nimekuamini. Tuhame."

"Kuhama kunahitaji kibali. Nimeuliza. Lazima mtaje sababu, na sababu yenyewe ni marufuku."

"Tukimbie basi."

"Njia panda kuna kizuizi cha polisi. Watu zaidi ya watano wakitembea pamoja ni mkutano."

Bi Siwatu akasonya, msonyo mrefu uliotoka mbali. "Serikali hii haijui kuchota maji, lakini kuzuia watu inajua. Hivi hakuna siku hata moja inapotaka watu watembee kwa wingi?"

Nyamizi akanyanyua uso. Akafuta machozi kwa kiganja. "Ipo," alisema. "Na mwenye kuipanga ni mimi."

Jumatatu aliandika pendekezo, na safari hii aliandika kwa lugha ya nchi. Alisema ni jambo la aibu Siku ya Uhuru kusherehekewa bila wenyeji wa gesi kuonekana. Alipendekeza wananchi wote wa Visima Vitatu, kuanzia kikongwe hadi kichanga, wasafirishwe kwa malori mpaka uwanja wa taifa, siku tatu kabla, ili wamwimbie Baba Mwenye Nchi mbele ya kamera. Waje na mikeka, masanduku, vyombo na mifugo, ulimwengu ushuhudie utajiri wa raia wa kawaida.

Waziri Mapande aliisoma mara mbili, akamwita.

"Nilijua utajirudi, binti. Wataalamu wengi hupona wakipewa bendera. Lakini hili la mbuzi?"

"Mbuzi wanaonyesha ustawi, Mheshimiwa."

"Na milango? Naona hapa umeandika 'milango na madirisha'."

"Raia mwenye mlango ni raia mwenye nyumba."

"Kweli kabisa," alisema Waziri, akaidhinisha. Akaongeza kwa mkono wake kwamba atakayebaki nyuma achukuliwe hatua.

Ikawa hivyo. Polisi walewale waliozuia njia panda walipita mlango kwa mlango wakiwahimiza watu watoke, wakabeba vitanda, wakafukuza kuku vichakani na kuwafunga miguu. Wao wenyewe walifunga kituo chao wakapanda lori la mwisho, kwa kuwa waraka ulisema wote. Bi Siwatu alitoka akiwa wa mwisho katika watu wake. Alizungukia visima vyote vitatu, akavifunika, akasimama kidogo kwa kila kimoja. Kisha akapanda.

*

Siku ya Uhuru ilifika na jua la kutosha. Uwanjani mji mkuu, wananchi wa Visima Vitatu walikaa jukwaa la kusini na mbuzi wao, mbele ya skrini kubwa kama ghorofa. Kwenye skrini alionekana Waziri Mapande, yuko kwenye mtambo kule bondeni, kavaa kofia ya chuma iliyonakshiwa jina lake. Nyuma yake bendi ya tarumbeta. Mbele yake bomba refu lililopakwa rangi za bendera, na mkononi mwenge.

"Ndugu wananchi!" alisema Waziri. "Wapo waliosema ardhi yetu imegawanyika. Leo ardhi yenyewe itawajibu!"

Akafungua koki. Tarumbeta zikalia. Akanyanyua mwenge kwenye mdomo wa bomba.

Hakikutoka kitu. Bomba lilipumua kidogo, kama mzee anayeamka, likanyamaza. Waziri akaamuru koki ifunguliwe zaidi na mashine zisukume zaidi. Mashine zikasukuma. Mafundi walitazama vipimo vyao vikishuka, na kwa kuwa hakuna aliyewauliza, hawakusema. Nyamizi, aliyesimama pembeni mwa jukwaa na katoni ya vibendera, alijua inakokwenda gesi ile kama vile anaiona kwa macho. Ilikuwa inafuata mstari aliouchora.

Waziri, kwa kuziba aibu, akaamuru fataki zirushwe. Zikarushwa. Zikapasuka nyekundu na kijani, na upepo wa asubuhi, ambao haukuwa umepewa ratiba, ukazipeleka magharibi juu ya mji usio na watu.

Kwanza lilisikika tumbo la ardhi likiguna. Halafu ndimi tatu za moto zikapanda, ndefu kuliko minara, kila moja kwenye kisima chake. Mifuniko ilirushwa angani kama visahani. Mapaa yakafuata.

Mtangazaji wa taifa hakupoteza hata dakika. "Naam! Gesi imetoka! Imetoka kwa wingi kuliko mpango! Tulitarajia mwali mmoja, tumejaliwa mitatu!"

Uwanja mzima ukasimama kushangilia. Baba Mwenye Nchi akapunga mkono. Kwenye jukwaa la kusini tu hapakuwa na makofi. Watu elfu nne walikuwa wameketi juu ya masanduku yao, wanatazama. Bi Siwatu alisimama polepole, kanga imeshikwa kifuani.

"Ule ukuta unaoanguka ni wa jiko langu," alisema. Hakuwa anamwambia mtu.

Kisha akageuka akahesabu watu wake, safu kwa safu, kama alivyozoea kuhesabu ndoo. Walitimia wote. Hapo ndipo alipokaa chini, na Nyamizi akatupa katoni na kumkimbilia.

*

Moto uliwaka siku kumi na tisa. Sherehe zilirefushwa mara mbili ili zilingane nao. Baadaye maji ya chumvi yakapanda kutoka chini yakauzima, na serikali ikaunda Tume.

Tume ilifanya kazi nzuri. Iligundua kwamba hakuna aliyekosea. Waziri alifuata mchoro, mchoro ulifuata Kamati, Kamati ilifuata kura. Hata hivyo ufa ulikuwepo, watu walikuwa wamekwenda kuutazama wakarudi na picha. Tume ikauliza basi umetoka wapi, na hapo ndipo mjumbe mmoja alipotoa hoja iliyomletea nishani. Alisema ufa huo ulionekana kwa mara ya kwanza kwenye karatasi ya Nyamizi Kaswende. Kabla ya karatasi hiyo, hakuna mtu nchini aliyekuwa ameuona. Kamati ikaufuta. Yeye akakataa kusaini ufutwe. Kwa hiyo ni wake.

Nyamizi akakamatwa, akashtakiwa kwa kumiliki ufa bila leseni na kuuacha ukizurura.

Mahakama Kuu ilijaa. Mbele walikaa Waziri Mapande, Kamati nzima na Bwana Shedafa, aliyekuwa shahidi wa serikali. Nyuma alikaa Bi Siwatu na wazee wanane wa Visima Vitatu, wamevaa nguo za msibani. Bwana Shedafa aliulizwa kama bonde lilikuwa na ufa kabla ya mshtakiwa kulichora. Aliinua kichwa, akamtazama mwanafunzi wake wa zamani, mdomo ukafunguka.

"Sikumbuki," alisema, akakaa.

Nyamizi aliniambia baadaye kwamba jibu lile lilimuuma kuliko pingu.

Jaji, mzee mnene mwenye wigi lililokaa kombo, akamgeukia mshtakiwa. "Mahakama haitaki kukuonea. Ukikiri, adhabu itapungua. Sema kweli, huu ndio ufa wako pekee, au unazo nyingine ulizoficha?"

"Ninazijua nyingine, Mheshimiwa Jaji. Bonde haliwezi kuwa na mmoja tu."

Minong'ono ikapita.

"Ziko wapi? Taja!"

"Mmoja uko karibu na mto. Mwingine uko hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa tulipo. Unaingia kwa upande wa maktaba, unapita chini ya kiti chako, unatokea pale alipokaa Mheshimiwa Waziri, unaelekea Ikulu. Ila huo umelala miaka milioni ishi..."

Hakuimaliza. Jaji alishatangulia dirishani, na wigi likabaki kitini likiendesha kesi. Kamati iliyopiga kura kumi na moja kwa sifuri kwamba ufa haupo ilikuwa inapigania mlango mmoja. Bingwa wa kuruka chini aliruka mabenchi matano, rekodi mpya ya taifa. Waziri Mapande alimkanyaga mwendesha mashtaka, akamkanyaga shahidi wake, akatoka na kiatu kimoja. Bwana Shedafa alitoka mwisho. Alisimama mlangoni, akaitazama sakafu kama anaisoma, akaondoka bila kuaga.

Askari aliyekuwa amemshika Nyamizi akamfungua pingu. "Dada, tupite wapi?"

"Popote. Umelala, kaka. Nilikuwa nasema hivyo."

Bi Siwatu alikuwa bado ameketi. Akainuka, akampangusa Nyamizi vumbi begani. "Twende, mwanangu. Hawa hawarudi leo."

Kesi haijafutwa. Kwenye jalada imeandikwa kwamba imeahirishwa mpaka ardhi itulie.

*

Siku hizi watu wa Visima Vitatu wanaishi kilomita nane mashariki, kwenye kilima alichowaonyesha Nyamizi, pale ambapo mfuniko ni mzima. Milango walikuja nayo, ikabidi kujenga kuta tu. Hawana kibali cha kukaa pale, lakini hakuna ofisa anayethubutu kusogea akawaondoe kabla hajajua alipokanyaga. Nyamizi anaishi nao. Kisima cha kwanza walichimba alipochora yeye, na foleni inapangwa na yule yule.

Mwezi uliopita lilifika gari jeusi la serikali. Akashuka dereva mmoja wa makamo, Hamduni jina lake, na bahasha. Ndani mlikuwa na ramani ya nyumba kubwa ya mji mkuu, ina bwawa la kuogelea, haina jina la mwenye nayo.

"Nimetumwa niulize kama chini yake ni salama," alisema.

"Nyumba ya nani?"

"Sikutumwa kusema."

Nyamizi akaikunjua ramani mezani. Akaitazama kwa muda mrefu, akapitisha kidole kutoka kona moja ya kiwanja mpaka nyingine. Kisha akaikunja vizuri, akairudisha ndani ya bahasha.

"Na wewe unalala wapi, kaka Hamduni?"

"Kibanda cha uani, bi. Nyuma ya bwawa. Mimi na mke wangu."

"Kamlete mkeo," alisema Nyamizi. "Hapa kiwanja kipo."

Hamduni alisimama na bahasha yake. Akaomba maji. Bi Siwatu akamchotea, akanywa kikombe cha kwanza, akanywa cha pili. Kesho yake jioni alishuka kwenye basi pamoja na mkewe, wamebeba godoro na redio. Gari jeusi alikuwa ameliacha kwa mwenyewe, limeoshwa, funguo ndani, na bahasha juu ya kiti cha nyuma, haina jibu.